Ngoma, Uwanja na Usingizi wa Jirani

Kila mwaka kamati ya harambee inapoanza kupokea mapendekezo, kuna pendekezo moja ambalo halikosi: tukodi Uwanja wa Kaitaba, tulete msanii mkubwa kutoka Dar es Salaam, tujaze watu, na kwa usiku mmoja tupate fedha ambazo michango ya mtu mmoja mmoja huchukua miezi kuzifikia. Wengi hulipenda. Wanaokaa kimya ni wale ambao wazazi wao, au wao wenyewe, wanalala karibu na uwanja.

Makala haya yanahusu ukimya huo. Sikusudii kupiga vita muziki. Nakusudia tuangalie historia: ngoma ilikuwaje kwetu kabla ya mji, uwanja ulipataje heshima yake, spika kubwa ziliingia lini, na miji mingine ilifika wapi majirani walipoamua kusema. Ndugu wana Rwamishenye mnaweza kuuliza, Kaitaba inatuhusu nini sisi tulio njiani kuelekea Muleba? Inatuhusu kwa sababu jamaa zetu wamejaa mjini kote, na kwa sababu mji unapanuka kuja kwetu. Hoja inayoulizwa Kaitaba leo itaulizwa kesho kwenye kila kiwanja cha wazi kilichobaki katika kata zetu.

Ngoma kabla ya mji

Wahaya hatukuwa watu wa kimya. Kwenye makao ya wakama kulikuwa na ngoma za enzi, kulikuwa na amakondere, na wanaume walicheza omutoro mbele ya mkama wakijisifu kwa ushujaa. Jioni nyumbani kulikuwa na enanga, na mpigaji aliweza kusimulia kisa kirefu mpaka watoto wakalala. Harusi ilikuwa na kelele zake na mavuno ya ndizi yalikuwa na rubisi yake.

Lakini mambo mawili yalikuwa yanailinda jamii. La kwanza ni makazi yenyewe. Nyumba ya Mhaya ilikaa katikati ya kibanja chake, imezungukwa na migomba na mibuni, na kati ya mlango wa huyu na mlango wa yule palikuwa na shamba. Sauti ilipungua kwa umbali kabla haijamfikia mtu kitandani. La pili ni sababu. Ngoma ilipolia, watu walijua inalia kwa nini: mkama ana shughuli, kuna harusi kwa fulani, kuna mgeni. Aliyesikia kelele kwa kawaida alikuwa mwalikwa, na kama hakualikwa, alikuwa ndugu wa aliyealikwa. Kelele ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na uso unaofahamika.

Na msiba ulikuwa juu ya vyote. Kulipofiwa, ngoma zilinyamaza na majembe yakawekwa chini. Hakuna aliyehitaji tangazo la mtendaji ili kujua kwamba jirani akilia, wewe huchezi. Hata salamu yetu ya asubuhi humuuliza mtu amelalaje. Jamii iliyofanya usingizi wa mwenzako kuwa swali la kwanza la siku, ilikuwa na maana yake.

Mji na kibali

Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1890, Emin Pasha alipofika na kujenga karibu na ziwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Mji ukaleta jambo jipya: watu wasiofahamiana wanakaa karibu karibu, nyumba kwa nyumba, bila kibanja katikati. Katika miji ya Tanganyika chini ya Waingereza, kupiga ngoma ndani ya eneo la mji kukawa jambo la kuombewa kibali serikalini. Sababu zilichanganyika. Wapo watawala waliotaka tu kulala, na wapo walioogopa kila mkusanyiko wa Waafrika. Kibali cha ngoma kilikuwa cha usalama wa dola kuliko cha usingizi wa jirani.

Ndiyo maana mpaka leo neno "kibali" lina ladha mbili kwetu. Wengine wakisikia kwamba tamasha limenyimwa kibali, wanakumbuka ukoloni: wakubwa wanawanyima watu wa kawaida furaha. Wengine wanaona kibali ndiyo kinga pekee ya mnyonge dhidi ya mwenye fedha na spika. Wote wana historia upande wao.

Historia hiyo hiyo inatuonyesha pia kwamba watu wa Bukoba walijifunza mapema kusema kwa pamoja. Mwaka 1924 ilianzishwa Bukoba Bahaya Union, chama cha wenyeji kilichotaka maendeleo na elimu, na ambacho baadaye hakikuogopa kuwahoji watawala. Vyama vya maendeleo vya nyumbani kama hiki chetu ni wajukuu wa wazo lile. Mwaka 1937 Wahaya walizipinga kanuni za kilimo cha kahawa zilizoletwa na serikali ya kikoloni, na wakaguzi wakakataliwa mashambani. Kuna mengi ya kubishania katika kisa kile, lakini somo moja liko wazi: hata jambo linaloitwa la maendeleo, likiletwa juu ya watu bila kuwauliza, huzaa ugomvi ambao gharama yake ni kubwa kuliko faida iliyotarajiwa.

Uwanja wa wote

Viwanja vya michezo vilipata heshima ya pekee katika nchi yetu tangu siku ya kwanza. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Tanganyika ilipandishwa katika uwanja wa michezo jijini Dar es Salaam, ule tunaouita leo Uwanja wa Uhuru. Tangu hapo, kila mji umetaka uwanja wake: wa mpira, wa gwaride, wa mikutano, wa sala za sikukuu. Uwanja ukawa sebule ya mji.

Kaitaba ndiyo sebule yetu. Kwa miaka mingi Kagera Sugar imecheza hapo, na Simba na Yanga zimekuja hapo zikaondoka na pointi 3 au zikaondoka na aibu. Katikati ya miaka ya 2010, Kaitaba na Nyamagana ya Mwanza vilipata nyasi bandia kwa mpango wa FIFA na TFF, na wakati wa ujenzi timu ililazimika kwenda kuazima viwanja nje ya mkoa. Tunaokumbuka misimu ile tunajua mji unakuwaje Jumamosi ikipita bila mechi.

Lakini hadhi ya Kaitaba haikujengwa na mpira peke yake. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliitikisa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, pamoja na majengo ya shule zetu kongwe za Ihungo na Nyakato. Waliofariki waliagwa Kaitaba. Oktoba 14, 2022, kilele cha Mbio za Mwenge kilifanyika hapo hapo mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan: halaiki, vifijo, ngoma za kila namna. Hazikupita wiki 4. Novemba 6 asubuhi, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitokea Dar es Salaam na watu 43 ikaanguka ziwani ikikaribia kutua. Watu 19 walifariki. Siku iliyofuata miili iliagwa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiongoza maombolezo.

Nimeziweka tarehe hizo mbili pamoja kwa makusudi. Uwanja ule ule, mwezi mmoja, ulibeba shangwe kubwa kuliko zote na kilio kikubwa kuliko vyote. Hakuna aliyelalamikia kelele za Mwenge, na hakuna aliyelalamikia barabara kufungwa siku ya msiba. Kwa hiyo si kweli kwamba majirani wa uwanja hawavumilii. Wanavumilia sana. Wanachouliza ni kwamba safari hii wanavumilia kwa ajili ya nani.

Spika zilipoingia

Mpaka miaka ya 1980 burudani kubwa ya muziki ilikuwa dansi, na dansi ilikaa ukumbini. Bendi ilikuwa na gitaa, tarumbeta na vipaza sauti vya kadiri. Mambo yalibadilika miaka ya 1990, redio na televisheni za watu binafsi ziliporuhusiwa. Redio zilihitaji kukutana na wasikilizaji wao mikoani, wadhamini walihitaji umati, na Bongo Fleva ikawapa wote wawili sababu. Huku kwetu, Saida Karoli alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba hata muziki wa Kihaya unaweza kujaza viwanja nchi nzima. Tamasha la Fiesta, ambalo Clouds FM ililizungusha mkoa kwa mkoa, nalo liliwahi kufika Kaitaba, na vijana wa Bukoba wakawaona kwa macho wasanii waliokuwa wakiwasikia redioni tu.

Ukumbi ukawa mdogo. Uwanja wa mpira ukawa jibu: una ukuta, una milango ya kukatia tiketi, uko mjini. Tatizo ni kwamba uwanja una ukuta lakini hauna paa, na ukuta wa uwanja ulijengwa kuzuia wasiolipa, haukujengwa kuzuia sauti.

Tuliangalie kwa hesabu. Katika eneo la wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Tuseme spika zinatoa desibeli 100 kwa mtu aliye mita 50 kutoka jukwaani. Kwa mita 100 zitakuwa 94, kwa mita 200 zitakuwa 88, kwa mita 400 zitakuwa 82, kwa mita 800 zitakuwa 76. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza mwaka 2009 kwamba kelele ya usiku nje ya nyumba isizidi wastani wa desibeli 40. Nyumba na miti hupunguza kiasi fulani, ndiyo. Lakini mdundo mzito wa besi ndio sauti inayopita ukutani kwa urahisi kuliko zote, na nyumba zetu nyingi zina bati juu na matundu ya hewa chini ya bati. Zaidi ya hapo, usiku uliotulia hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ipotee angani hupindishwa kurudi chini. Ndiyo sababu usiku tunasikia vitu ambavyo mchana hatuvisikii. Mtu wa mbali anayesema "mbona mimi nimesikia kwa mbali tu" anasema kweli. Na bibi aliye nyuma ya ukuta wa uwanja anayesema vyombo vilitetemeka kabatini, naye anasema kweli.

Kinondoni, Dublin na Madrid

Sasa tuone wenzetu walifanyaje.

Novemba 2018, Fiesta ilipangiwa kufikia kilele Dar es Salaam kwenye viwanja vya Leaders, Kinondoni. Tiketi zilikuwa sokoni na maandalizi yalikuwa yamekwisha. Karibu kabisa na siku yenyewe, Manispaa ya Kinondoni ikazuia matumizi ya viwanja vile kwa hoja ya kero ya kelele kwa walio jirani, na tamasha halikufanyika siku ile. Majirani walipata usiku wa kulala. Waandaaji, wasanii, wauza vinywaji na walionunua tiketi walipata hasara na hasira. Ukitafakari, kosa halikuwa kusikiliza majirani. Kosa lilikuwa kuwasikiliza dakika ya mwisho. Viwanja vilikuwa pale siku zote, na majirani walikuwa pale siku zote.

Sheria haikuwa imekosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mahakamani akiona inavunjwa. Mwaka 2015 zikatungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. NEMC imewahi kufunga baa na kumbi za starehe nyingi kwa ajili ya kelele. Jirani zetu wa Nairobi walifika huko pia: Desemba 2022 Gavana Johnson Sakaja aliagiza vilabu vya usiku viondolewe katika maeneo ya makazi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba malalamiko haya ni wivu wa mtaani. Yana mguu wa kisheria.

Dublin, mji mkuu wa Ireland, kuna uwanja uitwao Croke Park unaobeba watu zaidi ya 82,000. Uko katikati ya vitongoji vya nyumba ndogo za zamani, zimebanana kama zetu za uswahilini. Majirani na wenye uwanja walikuwa wameshakubaliana kwamba matamasha yasizidi 3 kwa mwaka. Mwaka 2014 yakawa yameshapangwa 3, kisha yakatangazwa mengine 5 mfululizo ya mwimbaji wa Marekani, Garth Brooks. Tiketi 400,000 ziliuzwa kabla kibali hakijatoka. Majirani wakapinga. Halmashauri ya jiji ikaruhusu 3 na kukataa 2. Msanii akasema ni yote 5 au hakuna, na ikawa hakuna. Nchi nzima iligombana. Majirani walitukanwa kwamba wameua biashara ya mji. Lakini miaka 8 baadaye, Septemba 2022, mwimbaji yule yule alirudi Croke Park akaimba siku 5, safari hii vibali vikiwa vimetangulia tiketi. Waliokataa mwanzo hawakuwa wanakataa muziki.

Madrid ni kisa cha karibu zaidi. Real Madrid ilitumia fedha nyingi kuukarabati uwanja wake wa Bernabéu, ukawekewa paa linalofunguka na kufungwa, ili uingize fedha hata siku ambazo hakuna mpira. Mwaka 2024 wasanii wakubwa wakaanza kupita hapo, Taylor Swift akiwa mmoja wao, mwezi Mei. Wakazi wa majengo ya jirani wakapima kelele, wakajiunga, wakaenda mahakamani. Septemba 2024 klabu yenyewe ikatangaza kusimamisha matamasha yake. Klabu tajiri kuliko karibu zote duniani, ikiwa na paa, ilishindwa kuizuia sauti isitoke. Sisi wa Kaitaba hatuna paa wala utajiri ule.

Visa vyote 3 vinasema jambo moja: malalamiko ya majirani hayaondoki kwa kupuuzwa. Yanasubiri tu mpaka yawe ghali.

Upande wa pili wa shilingi

Itakuwa dhuluma nisipowatetea wanaotaka matamasha. Bukoba haina burudani nyingi za vijana. Tamasha moja linajaza nyumba za kulala wageni, linawapa bodaboda kazi mpaka alfajiri, linawauzia mama lishe na wachoma nyama, na linampa msanii chipukizi wa Kashai au Hamugembe nafasi ya kupanda jukwaa moja na mkubwa. Uwanja nao unadai matunzo, na Kagera Sugar iliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25, mechi kubwa za Ligi Kuu zilizokuwa zikileta viingilio ziliondoka nayo. Uwanja ukikosa mechi, macho yanageukia muziki. Hilo linaeleweka.

Tena kuna ukweli mwingine: wanaolala karibu na uwanja si wote wanaochukia. Wapo wanaopangisha vyumba siku ile, wapo wanaoegesha magari uani kwa malipo. Mtaa mmoja unaweza kuwa na mjane mgonjwa wa presha na kijana muuza soda, nyumba zao zimeshikana, na wote wawili wana haki. Kazi ya uongozi ni kuwakalisha pamoja, wala si kumchagua mmoja.

Mstari usioandikwa

Mimi ni mhasibu, basi niruhusuni nifungue daftari. Tuseme tunaleta watu 5,000 kwa kiingilio cha shilingi 10,000. Hiyo ni milioni 50. Toa malipo ya msanii na watu wake, nauli na malazi. Toa kukodi uwanja, jukwaa, spika, taa na jenereta. Toa matangazo, ulinzi, huduma ya kwanza, vibali, hakimiliki na kodi. Halafu kumbuka kwamba Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania, na mvua haiulizi kama tiketi zimeuzwa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha zahanati au cha madarasa, na mara nyingi ni kidogo kuliko tulivyoota. Kikiwa hasi, chama ndicho kinachodaiwa.

Lakini hata hesabu hiyo ina mstari mmoja usioandikwa. Ni gharama anayoilipa mtu ambaye hakununua tiketi. Mtoto wa kidato cha nne mwenye mtihani kesho yake. Mgonjwa. Nesi aliyetoka zamu ya usiku. Mlango uliokojolewa. Familia yenye msiba ndani, inayosikia watu wakishangilia ukutani. Nyasi bandia zilizokanyagwa na jukwaa la chuma na magari, ambazo hazioti tena kama ukoka, zikichanika, zimechanika. Gharama hizi ni za kweli, ila zimeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine. Mhasibu anayeacha gharama kwa sababu italipwa na jirani hajapata faida, ameihamisha hasara.

Ipo pia gharama ya hatari. Machi 21, 2021, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano Uwanja wa Uhuru, siku ya kumuaga Hayati Rais Magufuli. Ule ulikuwa msiba wa taifa, wenye dola nzima kuulinda. Milango ya uwanja na umati ni jambo la kuogopwa hata pale nia ikiwa njema.

Sasa linganisha. Wanachama 500, kila mmoja akitoa shilingi 100,000 kwa mwaka, ni milioni 50 zile zile. Haina jenereta, haina mvua, haimwamshi mtu. Ni chini ya shilingi 300 kwa siku kwa kila mmoja wetu.

Tufanye nini

Sipendekezi Kaitaba ifungwe kwa muziki. Napendekeza chama chetu kiwe na msimamo unaoeleweka, kisha kiupeleke kwa heshima kwa Manispaa, kwa wenyeviti wa mitaa na kwa madiwani wetu, kabla mtu yeyote hajatulazimisha kuchagua upande.

Kwanza, matamasha makubwa uwanjani yawe na idadi maalumu kwa mwaka, na tarehe zake zijulikane mapema, zibandikwe ofisi ya kata. Mtu anayejua kwamba Jumamosi fulani hakutalalika anaweza kumpeleka mgonjwa wake kwa ndugu. Anayeshtukizwa hawezi.

Pili, muda. Tamasha likianza saa 8 mchana na kuzima spika saa 4 usiku, nusu ya ugomvi imekwisha. Vijana wetu hawatakufa kwa kurudi nyumbani mapema, na wazazi watawaruhusu wasichana kwenda.

Tatu, wenyeviti wa mitaa inayouzunguka uwanja waulizwe kabla ya kibali kutoka na kabla ya tiketi kuchapishwa. Dublin ilijifunza hilo kwa tiketi 400,000.

Nne, sehemu ya mapato ibaki mtaani: taa za barabarani, mfereji, vyoo vya umma vya siku hiyo, usafi wa asubuhi yake. Jirani anayepata mfereji hana sababu ya kuona kwamba amekanyagwa.

Tano, mwandaaji aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya nyasi, irudishwe uwanja ukikaguliwa na kuonekana mzima.

Sita, msiba uheshimiwe. Kukiwa na maombolezo makubwa mjini, tamasha lisogezwe. Hili halihitaji kanuni ya NEMC. Ni mila yetu, na uwanja ambao tumewaagia watu wetu hauwezi kuisahau.

Saba, na hili ni letu wenyewe wa Rwamishenye: tuanze sasa kuuliza maeneo ya wazi yaliyobaki katika kata yetu yamepangiwa nini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3 katika Kagera, kutoka milioni 2.4 na ushei mwaka 2012. Watu hao wanajenga, na wanajenga hadi kwenye ukuta wa uwanja. Ni rahisi zaidi kupanga ukumbi wa wazi mbali na makazi leo kuliko kuhamisha nyumba kesho.

Na kuhusu harambee ya mwaka huu, maoni yangu ni haya. Chama kinachokusanya fedha kwa ajili ya afya na elimu ya watu wa nyumbani hakiwezi kuanza kwa kuwanyima watu hao hao usingizi na kuwakosesha wanafunzi mtihani. Tukitaka muziki, tualike kikundi cha ngoma cha nyumbani, alasiri, watu wale na wacheze, jua likizama tuhesabu sadaka na kwenda nyumbani. Kilichobaki tukitoe mfukoni. Fomu ya ahadi iko mwishoni mwa kijarida hiki. Jaza kiasi chako, andika na mwezi utakaolipa, na umkabidhi mweka hazina akupe stakabadhi.